Wakala wa mnunuzi hapa Texas: tutie saini mkataba kabla ya kuonyeshwa nyumba?

BintiUsambara (Fort Worth) ameuliza:

Habari zenu ndugu zangu wa Texas na kwingineko. Mimi na mume wangu tumeamua kuacha kupanga na kununua nyumba yetu ya kwanza hapa Fort Worth, kwa bei isiyozidi dola 320,000, kwa mkopo wa FHA (mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na idara ya makazi ya serikali ya Marekani) ambao mkopeshaji ameshatupatia barua ya kukubaliwa kwa awali. Tumempata wakala mmoja anayefahamika na wengi katika jumuiya yetu, na kabla hajatufungulia mlango wa nyumba hata moja ametutumia mkataba wa uwakilishi wa mnunuzi ili tuutie saini. Mkataba ni wa miezi 6, kamisheni ni asilimia 3 ya bei ya nyumba, na imeandikwa kwamba iwapo muuzaji hatailipa, au atalipa pungufu, kiasi kitakachobaki kitakuwa juu yetu.

Rafiki wa mume wangu, ambaye alinunua nyumba mwaka 2021, anasema yeye hakumlipa wakala wake hata senti moja na kwamba sisi tunaibiwa. Mwingine anatushauri tumpigie simu moja kwa moja wakala ambaye jina lake liko kwenye bango lililosimikwa mbele ya nyumba, kwa hoja kwamba huyo atatupunguzia bei kwa kuwa hana wa kugawana naye kamisheni. Tunayo akiba ya malipo ya awali na ya gharama za kukamilisha mauzo, lakini asilimia 3 ya bei hiyo ni dola 9,600, na hizo hatuna.

Naomba kuelimishwa: wakala wa mnunuzi ana faida gani hasa, na mkataba wa namna hii usomweje kabla ya kutiwa saini? Aidha, tumevutiwa na mtaa mpya unaojengwa kaskazini mwa mji, ambako kampuni ya ujenzi ina ofisi yake ya mauzo papo hapo. Huko nako tunahitaji wakala?

MzeeWaArlington amejibu:

Dada, rafiki wa mumeo amesema kweli, ila alinunua wakati utaratibu ulikuwa mwingine. Kwa miaka mingi muuzaji alikuwa akipatana na wakala wake kamisheni ya jumla, aghalabu asilimia 5 au 6, na wakala huyo akitangaza ndani ya MLS, yaani orodha ya pamoja ambamo mawakala huziweka nyumba zinazouzwa, ni sehemu gani ya kamisheni hiyo atampa wakala atakayemleta mnunuzi. Mnunuzi hakuletewa ankara yoyote, kwa hiyo akaamini kwamba huduma ni ya bure, ilhali fedha zote zilizogawanywa mezani zilitoka katika bei aliyoilipa yeye. Oktoba 2023 baraza la mahakama huko Kansas City, Missouri, liliwapa ushindi wauzaji wa nyumba waliokuwa wamelalamikia utaratibu huo, na fidia ikakadiriwa kuwa karibu dola bilioni 1.8. Machi 2024 chama cha taifa cha mawakala, NAR, kikakubali kuyamaliza mashauri ya namna hiyo kwa dola milioni 418 na kwa kubadili kanuni zake, na kanuni mpya zikaanza kutumika tarehe 17 Agosti 2024.

Mabadiliko yanayokuhusu wewe ni haya: malipo ya wakala wa mnunuzi hayaruhusiwi tena kutangazwa ndani ya MLS, na wakala anayetumia orodha hiyo hawezi kukutembeza nyumbani kwa mtu bila kwanza kuwa na mkataba wa maandishi na wewe. Kwa hiyo kuletewa karatasi kabla ya kufunguliwa mlango si dalili ya ulaghai hata kidogo. Lililo muhimu ni yaliyoandikwa ndani yake. Kanuni hizo hizo zinataka kiasi cha malipo kiandikwe waziwazi, iwe ni asilimia, ni fedha taslimu ya jumla au ni malipo kwa saa, na si kwa maneno ya kuachwa wazi kama vile "chochote atakachotoa muuzaji". Zinataka pia mkataba utamke kwamba kamisheni haikupangwa na sheria bali ni ya kupatana, na zinamkataza wakala kupokea kutoka upande wowote zaidi ya kile mlichokubaliana. Kwa maneno mengine, ile asilimia 3 ni bei aliyoanzia yeye, na wewe una haki kamili ya kumwambia asilimia 2, ambayo ni dola 6,400, au asilimia 2.5, ambayo ni dola 8,000, naye akakubali au akakataa.

Soma muda kwanza. Miezi 6 ni mirefu mno kwa mtu ambaye hujawahi kufanya naye kazi. Omba mwezi mmoja au miwili, ambayo mnaweza kuiongeza mkiridhika naye, na hata mkataba wa kutazama nyumba moja kwa siku moja unawezekana. Kisha tazama eneo. Mikataba mingi ya hapa ina sehemu ya kutaja eneo la soko, na ikiandikwa Texas nzima, mtakuwa mmefungwa naye hata mkihamia Houston kesho, kwa hiyo mwandike kaunti ya Tarrant, na Denton kama huko kaskazini mnakotazama kunaingia kaunti hiyo. Usiupite haraka ule ukurasa unaoeleza kipindi cha ulinzi baada ya mkataba kwisha, kwa sababu humo ndimo wakala anapojihifadhia haki ya kulipwa ukinunua baadaye nyumba aliyokuonyesha. Kipindi hicho ni halali na kina sababu yake, lakini kiwe kifupi, na kihusu nyumba alizokutajia kwa maandishi tu. Mwisho ulizia namna ya kuvunja mkataba. Wakala anayejiamini atakuandikia kwamba unaweza kujitoa kwa taarifa ya siku chache bila faini.

Kuhusu dola 9,600 ambazo hamna, hapo msikate tamaa. Katika ofa mtakayompelekea muuzaji mnaweza kumwomba alipe kamisheni ya wakala wenu kama sharti mojawapo la mauzo, na wauzaji wengi bado wanakubali kwa kuwa wanataka nyumba iondoke. Ila mwambieni wakala mapema, na ikiwezekana iandikwe, kwamba uwezo wenu wa kulipa kutoka mfukoni una kikomo, ili asiwapeleke kwenye nyumba ambazo muuzaji ameshasema hatalipa. Kwa kawaida kamisheni hiyo haichanganywi ndani ya mkopo, na kwa hiyo pengo lolote litawajia siku ya kukamilisha mauzo, mkiwa mmeshaaga nyumba ya kupanga na hamna pa kurudi.

UmmuSalma_Katy amejibu:

Naomba nichangie katika suala la nyumba mpya, kwa sababu huko ndiko tulikonunua sisi, na ndiko ambako watu wetu wengi huingia wakiwa peke yao.

Yule mhudumu mkarimu anayekukaribisha kwa maji baridi katika nyumba ya maonyesho ni mwajiriwa wa kampuni ya ujenzi. Hakufichi jambo hilo ukimwuliza, lakini hukutana na wanunuzi ambao hawamwulizi. Mkataba atakaokupa mara nyingi umeandikwa na wanasheria wa kampuni yenyewe na haufanani na ule wa fomu ya kawaida ya tume ya mawakala ya Texas, TREC. Humo kampuni hujipa nafasi ya kuchelewa kumaliza ujenzi, ya kubadili vifaa, na ya kubaki na fedha yako ya arbuni ukijitoa. Jambo moja lazima mlijue kabla ya kwenda: kampuni nyingi hukubali kumlipa wakala wa mnunuzi, lakini kwa sharti kwamba awe amefika nanyi au ameandikishwa siku ile ya kwanza kabisa mnapoingia pale ofisini. Mkienda Jumamosi kutazama tu, mkajaza majina na namba za simu kwenye ile tableti ya mlangoni, mkirudi wiki inayofuata na wakala wanaweza kumkatalia, na nyinyi mkakosa uwakilishi au mkamlipa wenyewe.

Bei za nyumba mpya huwa ngumu kushuka kwa sababu kampuni haitaki jirani aliyenunua mwezi uliopita aone bei imepungua. Wakala wetu alituelekeza tusiombe punguzo la bei bali tuombe wapunguze riba ya mkopo kwa gharama yao, walipie gharama za kukamilisha mauzo na waweke uzio wa nyuma, na vyote tulivipata. Vilevile alisisitiza tumlete mkaguzi wetu binafsi mara mbili, kwanza kabla kuta za ndani hazijafunikwa, kisha nyumba ilipokamilika. Mkaguzi alikuta bomba la hewa ya kiyoyozi limeachwa wazi darini juu ya chumba cha watoto, likipuliza hewa baridi kwenye dari badala ya chumbani. Fundi wa kampuni alilirekebisha siku hiyo hiyo, lakini kama tungesubiri tuhamie ndani, tungekuwa tunalipa bili ya umeme wa Agosti bila kujua fedha zinakwenda wapi.

Fundi_Leseni_Dallas amejibu:

Mimi ni wakala mwenye leseni hapa Texas, hivyo yapimeni maneno yangu mkijua kwamba riziki yangu inatokana na kamisheni hizi tunazozijadili.

Naanza na wazo la kumpigia simu wakala wa kwenye bango. Huyo ameajiriwa na muuzaji na sheria inamtaka ayaweke maslahi ya mteja wake mbele ya yote, yakiwemo ya kwake mwenyewe. Anawajibika kukutendea haki, kutokudanganya, na kukuambia kasoro kubwa anazozijua, lakini hawajibiki kukushauri utoe bei gani, na ukimwambia "tunaweza kufika 320,000 ikibidi", ana wajibu wa kulifikisha neno hilo kwa muuzaji. Ndiyo maana katika mazungumzo ya kwanza ya maana kuhusu nyumba, kila wakala wa Texas anapaswa kukupa karatasi ya TREC inayoeleza nani anamwakilisha nani. Isomeni, maana ni fupi. Wapo wanaodhani atapunguza kamisheni yake ili wao wapate nafuu, lakini kamisheni hiyo imo katika mkataba wake na muuzaji, na kinachookolewa, kama kipo, huenda kwa muuzaji kwanza.

Faida ambayo mnunuzi wa hapa haioni kwa urahisi inatokana na sheria ya jimbo letu. Texas hailazimishi bei ya mauzo itangazwe hadharani. Zile tovuti mnazozitazama usiku hukisia tu, kwa sababu hazioneshwi nyumba ya jirani iliuzwa kwa kiasi gani hasa. Wakala anayetumia MLS anaziona bei zilizolipwa kweli, pamoja na siku ambazo nyumba ilikaa sokoni na mara ilizoshushwa bei, na hapo ndipo mnapojua kama 315,000 ni bei ya haki au ni ndoto ya muuzaji. Mwombeni wakala wenu, kabla ya ofa yoyote, awape karatasi yenye nyumba kadhaa zinazofanana zilizouzwa miezi ya karibuni katika mtaa huo huo. Asipoweza kuitoa, basi hiyo kamisheni hajaifanyia kazi.

Kazi nyingine kubwa huanza baada ya ofa kukubaliwa. Hapa Texas mnunuzi hulipa ada ndogo, aghalabu dola mia kadhaa, ili apate siku chache ambazo ndani yake anaweza kujitoa kwa sababu yoyote na kurudishiwa arbuni yake. Ada hiyo na arbuni hupelekwa kwa kampuni ya hati, yaani ile inayohakiki umiliki wa nyumba na kushika fedha za mauzo, ndani ya siku 3 tangu mkataba uanze kutumika, na taarifa ya kujitoa lazima itolewe kabla ya saa 11 jioni ya siku ya mwisho. Siku hizo ni za dhahabu, na ndizo za kumleta mkaguzi. Huku kwetu Dallas na Fort Worth udongo ni mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kusinyaa wakati wa kiangazi, nao huisukuma misingi ya nyumba juu na chini. Mkifika kwenye nyumba, tazameni nje kama kuna ufa unaopanda ukutani kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, kisha ndani fungeni milango yote ya vyumba mmoja mmoja. Mlango unaokwama juu na kuacha upenyo upande wa pili unawaambia kwamba msingi umecheza. Wakala mzuri akiona hayo atawaambia mlete mhandisi wa misingi, hata kama kufanya hivyo kutaivunja biashara. Ulizieni pia umri wa paa na kama limewahi kupigwa na mvua ya mawe, kwa kuwa kampuni za bima hapa huangalia sana jambo hilo.

Naongeza jambo ambalo hunikera kuona wanunuzi wetu wakilifasiri vibaya. Mkiniuliza ni mtaa gani wana Afrika Mashariki wengi, au ni mtaa gani hauna watu wa aina fulani, sitawajibu, na wakala yeyote anayeifuata sheria hatawajibu. Sheria ya makazi ya haki ya mwaka 1968 inakataza kumwelekeza mnunuzi kwa misingi ya rangi, dini au asili yake. Umbali wa msikiti, wa kanisa au wa shule nitawaonyesha kwenye ramani bila tatizo. Majirani mtawajua wenyewe.

MwanaMwanza_Houston amejibu:

Nawaheshimu waliotangulia, lakini nisingependa dada yetu aondoke hapa akiamini kwamba kila mnunuzi lazima awe na wakala. Sisi tuliinunua nyumba tuliyokuwa tukiipanga kutoka kwa mwenye nyumba wetu, ambaye hakuwa ameitangaza popote. Tuliijua nyumba hiyo kila kona, bei tulikuwa tumeshapatana, na kilichobaki kilikuwa ni makaratasi. Tulimlipa mwanasheria wa mambo ya nyumba ada maalumu aandike na kuukagua mkataba, tukamlipa mkaguzi na mthamini huru, na kampuni ya hati ikafanya yaliyobaki. Katika hali ya namna hiyo kumlipa mtu asilimia 3 ni kutupa fedha.

Jambo la pili linahusu hao "wanaofahamika katika jumuiya". Huko nyumbani tumezoea kwamba dalali ni yeyote anayejua nyumba inauzwa wapi, na kila aliyetaja jina hudai chake. Texas inakataza mtu asiye na leseni kulipwa kwa kumtafutia mwingine mnunuzi au nyumba, na leseni ya kila wakala huonekana bila malipo kwenye tovuti ya TREC, pamoja na adhabu alizowahi kupewa. Tafuta jina la huyo wakala wenu humo leo hii. Kisha mwulize amewasaidia wanunuzi wangapi mwaka uliopita kufunga mauzo, na wangapi kati yao walitumia FHA, kwa maana undugu wa kanisani au msikitini haumfanyi mtu aujue mkopo huo.

BintiUsambara ameandika tena:

Nawashukuru sana, mmenifungua macho. Leseni yake nimeiona, ni hai na haina adhabu. Amekubali kufupisha muda uwe siku 45, eneo liwe kaunti za Tarrant na Denton, na kamisheni iwe asilimia 2.5. Lakini nimegundua kwamba nyumba mojawapo tunayoipenda inauzwa na wakala wa kampuni hiyo hiyo anayofanyia kazi yeye. Je, hilo lina madhara? Pia anatusihi sana tumwache mkopeshaji wetu tuchukue mkopo kwa mtu wake.

Fundi_Leseni_Dallas amejibu:

Katika hali hiyo kampuni yao inageuka kuwa mtu wa kati, na Texas inaruhusu hilo kwa idhini ya maandishi ya pande zote mbili. Idhini hiyo huenda mmeshaitoa ndani ya mkataba bila kujua, hivyo tafuteni kipengele chake. Mtakachokidai ni kwamba kampuni imteue rasmi wakala wenu awahudumie nyinyi na mwingine amhudumie muuzaji, kwa sababu pasipo uteuzi huo hakuna kati yao anayeruhusiwa kuwapa ushauri wa bei, na ushauri wa bei ndio mnaoulipia. Mkiona moyo hautulii, mna haki ya kukataa, na katika nyumba hiyo moja mkatafuta mwakilishi wa kampuni nyingine, mradi wa kwanza awaruhusu kwa maandishi.

Kuhusu mkopeshaji, wakala anaweza kumpendekeza mtu, lakini sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 iitwayo RESPA inamkataza kupokea chochote kwa kuwapeleka huko. Ombeni kwa kila mkopeshaji makadirio rasmi ya mkopo, ambayo ni hati ya kurasa 3 yenye mpangilio uleule kwa wakopeshaji wote, siku moja na kwa kiasi kilekile cha mkopo, kisha mzilaze mezani hati hizo mbili. Tazameni riba, gharama za sehemu ya A katika ukurasa wa pili (ada za mkopeshaji mwenyewe), na kiasi mtakachotakiwa kuja nacho siku ya mwisho. Mtu wake akiwa nafuu, mchukueni. Akiwa ghali, bakini na wenu, na mkataba wenu na wakala haubadiliki kwa namna yoyote.

MzeeWaArlington amejibu:

Nyongeza ndogo kwa dada: hayo mliyopatana, yaani siku 45, kaunti mbili na asilimia 2.5, yaonekane ndani ya mkataba wenyewe kabla ya saini, si katika ujumbe wa simu. Na kama kipengele cha kulipa pengo bado kimo, mwombe aandike kwamba hatawaonyesha nyumba ambayo muuzaji wake amekataa kuchangia mpaka awe amewataarifu kwanza.